Trauti wa Gura

Sisi wa Utange tumezoea samaki wa hori na wa bahari. Akinamama wa karai hawana haja ya kuuliza jina: tafi wanamjua kwa miiba yake, changu kwa rangi, mkizi kwa umbo. Trauti hayumo katika hesabu hiyo, wala hawezi kuwamo. Maji yakishapita nyuzi 20 na kitu huanza kutaabika, maana maji ya moto hayabebi hewa ya kumtosha. Kwa hiyo kumwona ilibidi nipande treni Miritini hadi Nairobi, kisha matatu ya Nyeri, mpaka nikajikuta nimevaa sweta mchana kweupe.

Hata huko bara yeye ni mgeni. Kusini mwa Sahara hakuna trauti wa asili. Mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakapandikizwa katika mto Gura, unaotiririka kutoka milima ya Aberdare. Miaka michache baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni Amerika ya Kaskazini, upande wa Pasifiki.

Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, kuna kituo cha kuzalisha samaki hawa. Mfanyakazi alimshika jike kwa kitambaa, akampapasa tumbo kuelekea mkiani, na mayai ya rangi ya chungwa yakamiminika katika beseni kavu kama punje za komamanga. Akakamulia juu yake mbegu za dume, akakoroga taratibu kwa unyoya, ndipo akatia maji. Katika maji ya nyuzi 10 mayai hayo huchukua kama mwezi mmoja kuanguliwa, na maji hayatakiwi kusimama.

Gura nilikwenda na kijana wa huko aliyekuwa na leseni ya kuvua. Chambo chake kilikuwa inzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo. Mimi niliyezoea mshipi wenye chubwi nilishangaa: hapa uzito uko kwenye kamba yenyewe, ndiyo inayombeba inzi.

"Usimtafute samaki, mzee," aliniambia. "Tafuta maji."

Akanionyesha nyuma ya jiwe kubwa, pale mkondo wa kasi unapopakana na maji yaliyotulia. Trauti hukaa hapo kichwa kikielekea juu ya mto, asitumie nguvu nyingi, akingoja wadudu waletwe na maji. Ndiyo maana mvuvi hupanda mto akitokea nyuma yake, na kivuli chake hakitakiwi kuanguka majini.

Inzi alielea kidogo, akazama ghafla. Samaki aliyetoka alikuwa na urefu wa kiganja na nusu. Ubavuni alikuwa na mstari wa waridi kuanzia shavuni, na madoa madogo meusi yaliyomjaa hadi kwenye mkia. Huyo ni wa upinde wa mvua. Wa kahawia ana madoa makubwa zaidi, mengine mekundu yenye duara jeupe, na mkia wake aghalabu hauna doa. Wote wawili wana kijipezi kidogo cha mnofu karibu na mkia, ambacho tafi wala changu hana. Kijana alilowesha mikono kabla ya kumshika, asimtoe ute unaokinga ngozi, akamwachilia.

Maji haya ya Gura huingia mto Tana na mwishowe hufika kwetu pwani, upande wa Kipini. Trauti hawezi kuyafuata. Kwake mto unaishia pale baridi inapoishia.

Mpaka huo hausimami mahali pamoja. Tulipofika sehemu ambayo miti ya ukingoni ilikuwa imekatwa, kijana hakurusha hata mara moja.

"Hapa jua linapiga maji kutwa nzima," alisema, akikunja kamba yake. "Zamani walikuwepo. Twende juu, mzee."