Elimu Iliyomfuata Mtu Kazini

Huenda wewe usikiapo neno mwanafunzi humwona kijana aliyevaa sare, mkoba begani, anakimbia kengele isimwache nje ya lango. Mimi nisikiapo neno hilo humwona mwanamke wa miaka 47, mnene kidogo, ameketi mbele ya kompyuta na kukishika kipanya kama mtu aliyeshika mjusi ambaye hana hakika kama amekufa. Mwanamke huyo ni shangazi yangu, dada yake baba. Nataka nikusimulie habari zake, maana alinifundisha jambo moja nikiwa na umri kama wako, nami nikalisahau, na kusahau kwangu kulimdhuru mtoto wa watu.

Shangazi alikuwa mwuguzi wa zahanati moja katika bara ya Kilifi. Alihitimu mwaka 1983, katika ngazi ya cheti. Fikiri kidogo juu ya mwaka huo. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Basi maradhi yaliyokuja kumsumbua kuliko yote katika kazi yake hayakuwamo hata katika ukurasa mmoja wa vitabu alivyosomea. Aliyajua kwa kuyaona, na kwa semina za siku mbili tatu, ambazo alirudi nazo na kalamu moja na daftari moja, na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo.

Wala hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa karne hii wauguzi walio wengi nchini Kenya, zaidi ya 20,000, walikuwa wa ngazi ya cheti kama yeye, na ilitakiwa wapandishwe hadi stashahada. Lakini nafasi vyuoni zilikuwa chache mno, hata ikahesabiwa kwamba kwa mwendo ule kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Na hata kama nafasi zingalikuwapo, nani angalibaki na wagonjwa? Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2006, lilitaja nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. 36 kati ya hizo zilikuwa za Afrika kusini mwa Sahara, na Kenya ilikuwa mojawapo. Mwuguzi mmoja akitolewa katika zahanati yenye wauguzi wawili, yule anayebaki atalala lini? Na zahanati ya shangazi haikuwa na wawili. Ilikuwa naye.

Hili ni fumbo linalostahili kutazamwa sana. Mahali penye watu wachache ndipo kila mmoja anapotakiwa kujua mengi zaidi, na ndipo hapo hapo asipoweza kuruhusiwa kwenda kujifunza.

Katika chuo cha ualimu nilichosomea, mwalimu wetu mmoja mzee alipenda kutukumbusha kuwa fumbo hili liliwahi kuwashika walimu kabla ya wauguzi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, watoto walimiminika mashuleni, na madarasa mengi yakashikwa na walimu wasiopata mafunzo. Kuwatoa wote wakasome kungalikuwa sawa na kuyafunga madarasa. Basi mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilifungua huko Kikuyu idara ya masomo kwa njia ya posta. Mwalimu akaletewa masomo kwa barua, akayasikiliza mengine katika redio ya Sauti ya Kenya, akayapeleka majibu yake kwa stempu. Mzee huyo alikuwa akisema kwamba elimu ikishindwa kumngoja mtu chuoni, haina budi kumfuata aliko. Nilidhani ni maneno ya uzee tu.

Wauguzi nao walifuatwa. Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya, kwa msaada wa kampuni ya Accenture, walianzisha masomo ya uuguzi kwa njia ya kompyuta. Vituo vyenye kompyuta vilifunguliwa mahospitalini na katika vyuo vya uuguzi, hata vikazidi 100 katika nchi nzima, na baadhi vilikuwa katika sehemu za mbali sana. Mwanafunzi alibaki kazini, akasoma masomo yake katika kompyuta, akafanya mazoezi yake hospitalini chini ya macho ya wakubwa zake, kisha akafanya mtihani wa Baraza sawasawa na mwingine yeyote.

Mwaka 2008 shangazi alijiandikisha. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na likizo ile nilipelekwa kwake nikamsaidie kuteka maji na kulinda mbuzi. Siku ya kwanza akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kukopa, "Mwanangu, huko shuleni wamewaonyesha mambo ya kompyuta?" Nikajibu kuwa wametuonyesha. Basi Jumamosi, akiisha kuwahudumia wagonjwa wa asubuhi, tukapanda matatu mpaka mjini, tukaingia katika duka la mtandao ambapo kila dakika ilikuwa na shilingi yake, nikaanza kumfundisha. Nakiri kwamba nilijivuna. Mtu aliyenitahiri kwa mkono wake mwenyewe, aliyezalisha nusu ya watoto wa kijiji, sasa alikuwa akinitazama usoni kabla ya kubonyeza kitu, akiogopa asije akaiharibu mashine ya watu. Ilimchukua saa nzima kuandika jina lake, na herufi kubwa zikamtoka mahali pasipohitaji.

Usiku tulisoma nyumbani. Yaliyokuwa ya lazima tuliyachapisha mjini kwa shilingi kumi ukurasa, nami nikamsomea kwa sauti kwa nuru ya taa ya chemni huku yeye akipepeta mchele wa kesho au akikunja pamba. Kila nilipofika mahali pagumu nilipenda kupita upesi upesi, maana maneno yenyewe yalinishinda kutamka. Yeye hakukubali. Alisimamisha ungo akasema, "Hapo rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nyakati nyingine hodi ilipigwa katikati ya somo, akaondoka na taa, nami nikabaki gizani na karatasi zangu mpaka aliporudi karibu na alfajiri, akanawa, akasema, "Tulikuwa wapi?"

Siku moja mjini alipewa maswali ya kujibu, na muda ulikuwa umebaki mdogo. Nilimwona akihangaika na swali juu ya mama mwenye virusi vya UKIMWI na namna ya kumlinda mtoto asiyapate maradhi wakati wa kuzaliwa. Nikamwambia, "Shangazi, nipe mimi nikujibie. Majibu yote yamo humu humu, ni kuyatafuta tu." Nilidhani nimemfanyia wema. Akauondoa mkono wangu polepole juu ya kipanya. "Mwanangu," akasema, "mama huyo akija usiku, nimwambie angoje nimtume mtu akakuite shuleni?"

Jibu lile lilinitia haya, kisha likanikaa moyoni. Lakini tusilifanye jambo hili zuri kuliko lilivyokuwa. Watu wengi husema kwamba masomo ya mtandao ni rahisi na hayana gharama. Mimi huwauliza: ni rahisi kwa nani? Ni rahisi kwa yule anayeyapeleka. Saa za kusoma hazikuja na masomo. Shangazi alizikata katika usingizi wake. Ada ilitoka katika mshahara wake. Nauli, dakika za mjini na karatasi zilitoka pale pale. Mwajiri alifurahi kupata mwuguzi mwenye ujuzi mpya bila kumkosa hata siku moja kazini, nami naona hiyo ilikuwa faida kubwa sana kwake. Hata hivyo, shangazi alipopata stashahada yake mwaka 2011, barua ya kupandishwa cheo ilikawia miaka mitatu. Alipoulizia aliambiwa jalada lake halionekani. Tena mpango wenyewe ulikusudiwa uwamalize wauguzi wote kwa miaka mitano, na haukuwamaliza, uliendelea baadaye. Sioni ajabu. Mtu asomaye usiku baada ya kazi hawezi kwenda kwa mwendo wa kalenda ya ofisini.

Lakini nilimwona akibadilika kazini. Zamani mama mjamzito alipokutwa na virusi, shangazi alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa na kumtazama akiondoka, bila kujua kama atapata nauli. Baada ya masomo alimketisha, akamweleza dawa hizi zafanya nini mwilini, kwa nini zisikatizwe, mtoto atapewa nini akiisha kuzaliwa, na atanyonyeshwa vipi. Nilimsikia nje ya dirisha akieleza mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Alikuwa akirudia bila kuambiwa.

Sasa nakuja katika habari yangu. Mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mimi nilikuwa mwalimu tayari, na pamoja na wenzangu wengi nikajiandikisha katika masomo ya mtandaoni ya kuongeza ujuzi. Simu ilikuwa yangu, wakati ulikuwapo tele, wala hakuna aliyekuwa akibisha hodi usiku. Je, nilisoma? Nilibonyeza. Ukurasa ulipokuja niliuvusha. Maswali yalipokuja nilijaribu jibu la kwanza. Likikataa nikajaribu la pili. Na mtambo, kwa kuwa hauna uso wa kukunja, ulinivumilia mpaka nikafaulu. Sura moja ilihusu watoto wanaoshindwa darasani kwa sababu ya macho au masikio, na dalili za kuwatambua. Naikumbuka vizuri, maana niliimaliza kwa dakika nne na nikajisifu kwa wenzangu. Cheti nilikichapisha, nikakitia katika faili.

Mwaka uliofuata nilikuwa na mvulana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye alinakili kila kitu kombo. Nilimwita mvivu. Nilimwita hivyo mbele ya wenzake kwa mihula miwili. Alianza kukosa shule siku za Jumatatu, kisha na Jumanne. Mwalimu mgeni, aliyekuja kushika darasa langu siku moja nilipokuwa mgonjwa, alimwona akiyakunja macho kuutazama ubao, akamsogeza dawati la mbele. Jioni akanipigia simu akaniambia, kwa upole ulioniumiza, kwamba mtoto haoni mbali. Usiku ule nikaifungua ile sura. Dalili zote zilikuwamo, katika ukurasa wa pili: kukunja macho, kunakili kombo, kupenda kuinamia daftari. Chini yake palikuwa na alama ya kijani iliyoonyesha kwamba ukurasa huo nimeukamilisha.

Shangazi alistaafu mwaka huo huo wa 2021. Ndio mwaka ambao Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi huko, kwa kuwa matajiri nao wamepungukiwa. Kijana aliyekuja kushika zahanati baada yake alikuwa akiulizia habari za safari kabla hajaifungua mizigo yake. Simlaumu. Nilikwenda kumtazama shangazi wakati wa likizo, nikamkuta barazani anachambua mchicha, nami nikamweleza habari ya yule mvulana, tangu dakika zile nne hadi simu ya jioni. Hakunikatiza. Nilipokwisha, aliniuliza kama mtoto amepata miwani. Nikasema amepata. Akauliza kama nimemwomba radhi. Nikasema nimemwomba, mbele ya darasa lile lile.

"Na hiyo sura umeisoma?"

Nikajibu nimeisoma.

"Unayo hapo katika simu?"

Nilikuwa nayo. Akausogeza ungo, akanionyesha kigoda, nikaketi nikaanza kumsomea kwa sauti. Nilikuwa sijaumaliza ukurasa wa kwanza aliponyosha kidole.

"Hapo rudia."