Honi Kutoka Msitu wa Magamba

Baba alikuwa akikata kabichi kwa kusikia honi. Shamba letu lilikuwa mteremkoni upande wa Lukozi, na lori likitoka Lushoto kuja kwetu lilikuwa halina budi kupita msitu wa Magamba, penye kona nyingi na ukungu wa asubuhi usiotaka kuondoka. Dereva alipiga honi kila kona. Mlio ulivuka bonde, ukagonga mlima wa pili, ukaturudia tena. Baba alisimama, akahesabu kona kwa masikio, halafu akatuambia: "Haya, shukeni." Tukashuka, kila mtu na panga lake, kabichi zikaanza kulala chini safu kwa safu, umande bado uko kwenye majani.

Kabichi ikishakatwa haina subira. Ikikaa bila mnunuzi majani ya nje yananyauka, halafu yanakuwa ya manjano, na mwisho ni chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo honi ile kwetu ilikuwa jambo kubwa: ilimtaka baba aamue hapo hapo, kwa mazao ya miezi mitatu, bila kujua bei.

Kuna asubuhi moja lori lilijaa kabla ya kufika kwetu. Tulilisikia likija, tukakata, tukabeba kichwani hadi barabarani. Tukakaa. Baada ya muda tukasikia honi tena, lakini safari hii mlio ulikuwa unazidi kwenda mbali. Lilikuwa limegeuza. Baba hakusema neno. Alikaa juu ya tenga mpaka jua likapanda, na sisi watoto hatukuthubutu kumwambia twende nyumbani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na mgongo wa baba ukitazama barabara tupu naukumbuka kuliko sura yake ya siku ile.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Rasi ya Tumaini Jema, huko kusini kabisa mwa bara letu, nikamkumbuka. Waholanzi wa Kampuni ya India ya Mashariki walipiga kambi pale mwaka 1652 chini ya Jan van Riebeeck, na kazi ya kambi ile ilikuwa ya bustani hasa: kulima mboga na kupata nyama kwa ajili ya meli zilizokuwa njiani kati ya Ulaya na Asia, maana mabaharia walikuwa wakifa kwa kukosa vyakula vibichi. Kabichi na karoti, kama sisi. Kabla hata ya kambi hiyo, meli zilizopita zilikuwa zikiachiana barua. Mabaharia walizifunga vizuri zisilowe, wakazifukia chini ya jiwe lililochongwa jina la meli na tarehe, na meli nyingine iliyokuwa ikielekea kwao ikazichukua.

Baadaye mambo yakapangwa zaidi. Bendera zilipandishwa kilimani meli ilipoonekana. Mizinga ikapigwa, na mzinga mmoja ukapokewa na mwingine ulio kilima cha mbele, mpaka mlio ukafika kwa wakulima wa mbali waliokaa bara: meli zimeingia, leteni ng'ombe, leteni matunda. Nikiwaza mkulima yule anainua kichwa shambani, namwona baba.

Tena hata shida yao ilifanana na yetu. Wale waliopewa mashamba ya kujitegemea kuanzia mwaka 1657 walitakiwa kuiuzia Kampuni kwa bei iliyopangwa na Kampuni yenyewe. Mzinga uliwaambia njooni, lakini wao hawakuwa na mzinga wa kujibu: tutakuja, ila kwa kiasi gani? Hapo ndipo nilipoelewa kilichomuumiza baba kwenye lile tenga. Hasara alikuwa ameshaizoea, maana kilimo ndicho kilivyo. Kilichomchoma ni kuitwa na mtu ambaye yeye hawezi kumwita.

Na mkulima yule alikuwa na afadhali. Mashamba yenyewe yalikuwa malisho ya Wakhoikhoi. Mmoja wao, Autshumao, alikuwa amepelekwa na Waingereza mpaka Bantam huko Java, akajifunza lugha yao, akarudi, na katika miaka ya 1630 akakaa kisiwa cha Robben akiwatunzia barua na kuangalia meli zao. Ndiye aliyekuwa mdomo kati ya bahari na nchi kavu. Van Riebeeck naye alimtumia kama mkalimani. Kisha ng'ombe na ardhi zikawagombanisha, na mwaka 1658 akafungwa kisiwa kile kile alichotunzia barua za watu. Mwaka uliofuata alipata mashua mbovu, akatoroka. Nimeisoma habari yake mara nyingi, na kila mara nasimama hapo kwenye mashua.

Milima yetu nayo ina hadithi yake ya meli. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914, vita vya Waingereza na Wajerumani vikiwa vimeanza na Lushoto bado ikiitwa Wilhelmstal, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika Tanga. Nahodha wake, Caulfeild, alimwita melini ofisa wa Kijerumani, Auracher, akampa saa moja mji usalimishwe, akamuuliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Auracher akarudi nchi kavu, na simu ya waya ikapeleka habari kwa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, upande wa Moshi. Waingereza wakapoteza muda mwingi wakitafuta mabomu ambayo hayakuwepo, huku treni zikiteremsha askari kufuata reli iliyopita chini ya milima yetu ya Usambara, kupitia Mombo na Korogwe. Jeshi la watu karibu 8,000 lililokuja na meli lilishindwa na watu wachache sana kuliko wao, na tarehe 5 likaondoka.

Vitabu husimulia habari hiyo kwa kusifu waya na reli. Mimi nawafikiria watu wa Mombo waliosikia treni zikipita moja baada ya nyingine usiku. Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mbiu hulia hadharani, kila mwenye sikio akajua kuwa anaitwa. Waya ule ulipita juu ya vichwa vya watu, umebeba jambo lao, na wao hawakuambiwa. Walikuja kuambiwa vita vilipowataka wabebe mizigo.

Mwaka jana nilirudi nyumbani. Baba hayupo tena, shamba analima dada yangu. Tuliamka alfajiri, ukungu uko vile vile, na kutoka Magamba nikasikia Fuso likipiga honi. Miguu yangu ilianza kushuka yenyewe.

"Unakwenda wapi?" dada aliniuliza.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, panga magotini, simu sikioni. Upande wa pili alikuwa mama mmoja wa sokoni Ilala ambaye hajawahi kuonana naye, lakini wanaulizana hali za watoto. Waliongea mvua, wakaongea ada za shule, ndipo wakafika kwenye bei, na kwamba safari hii dada hataki habari za lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo. Lori lilikuwa linakaribia. Baadaye honi ikalia hapo juu barabarani, ndefu, ya mtu mwenye haraka.

Dada aliziba simu kwa kiganja. "Mwambie asubiri kidogo," akasema, "bado tunaongea."

Nikapanda kwenda kumwambia.