Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kitenzi hicho kina sura mbili: kumpa mchezaji tuzo, na kukihifadhi kitu kisiharibike. Sura zote mbili humkabili mwanagenzi wa harmonika ya bluzi tangu siku ya kwanza.

Ala yenyewe huenea kiganjani. Kampuni ya Hohner, iliyoanzishwa Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, ilitoa harmonika ya Marine Band mwaka 1896: matundu 10, vilimi 20 vya shaba, na kiini cha mbao. Wamarekani Weusi wa majimbo ya Kusini waliipata kwa bei nafuu, wakaigeuza. Harmonika ya C hawakuipiga kwa C, bali kwa G. Nao hawakutegemea kupuliza, bali kuvuta. Tundu la pili, likivutwa, likawa ndiyo nyumbani pa wimbo. Kwa hiyo mwanagenzi hana budi kujifunza kuimba akivuta pumzi, jambo ambalo mwimbaji wa kawaida halijui.

Juma la kwanza humwaibisha. Hutafuta noti moja, zikatoka tatu. Huchongoa midomo, au huziba matundu ya kando kwa ulimi, hadi moja isikike safi. Kisha huja mtihani mkubwa: kuikunja sauti. Haikunjwi kwa nguvu. Mchezaji huurudisha ulimi nyuma na kuushusha, akaipa pumzi nafasi kinywani, nayo sauti huteleza chini kama kilio kinachozuiwa. Anayelazimisha hukichosha kilimi. Kwanza hupoteza sauti yake sahihi, hatimaye huvunjika. Subira hapa si pambo la hotuba. Ni sharti la ufundi.

Utunzaji nao una adabu zake. Mchezaji husukutua kinywa kabla ya kupiga, kwani mabaki ya chakula na soda hunata kwenye vilimi. Huipasha ala joto viganjani. Amalizapo, huigongesha kiganjani, matundu yakitazama chini, mate yatoke. Kisha huiacha ikauke kabla ya kuifungia kasha. Wapo wakongwe waliokuwa wakiichovya majini ili ivume zaidi. Ilivuma kweli, lakini mbao ilivimba, ikachomoza na kuwakwaruza midomo.

Katika fani hii, jina la Little Walter halikwepeki. Akiwa Chicago, alikifumbata kipaza sauti pamoja na harmonika viganjani, akaifanya ala ya mfukoni ingurume ukumbi mzima. Mwaka 1952 alirekodi "Juke", kipande kisicho na maneno, kikakaa kileleni mwa orodha ya muziki wa Weusi ya jarida la Billboard kwa majuma 8. Mcheza kwao alitunzwa kwa makofi. Hata hivyo, pombe na ugomvi vilimwandama, na mwezi Februari mwaka 1968 alifariki dunia usingizini baada ya kupigana. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 1991, mashabiki walipoliwekea.

Je, ni nani aliyepaswa kumtunza? Mashabiki walimtuza sauti, wakamwachia maumivu yake. Yeye mwenyewe, aliyeijua kila njia ya pumzi katika yale matundu 10, hakuihifadhi pumzi yake. Wapo wanaoshikilia kwamba bluzi haizaliwi bila maisha kuharibika. Dai hilo huwapendeza wasikilizaji, kwa maana huwaondolea lawama. Lakini ala yenyewe inalikanusha: kilimi kilichochoshwa hakilii vizuri zaidi, hunyamaza.

Mwanagenzi anapoigongesha harmonika kiganjani usiku na kuifuta, anajua kwamba kilimi kikivunjika fundi anaweza kukibadilisha. Kifua kinachokiliza hakina fundi wa namna hiyo. Basi na aifunge kasha, akalale mapema.