Tiketi ya Kurudi Iliyotuishia Uwanjani

Tiketi zetu za ndege za Mwanza hadi Dar es Salaam na kurudi zilikuwa za kwenda Ijumaa na kurudi Jumatatu. Jumatano usiku tukapigiwa simu: shangazi amelazwa. Mtu na wifi yake, hatukuweza kungoja. Alfajiri tukapanda basi, tukijifariji kwamba ya kwenda imepotea, ya kurudi tunayo.

Tulipita Shinyanga, Nzega na Igunga, tukapanda mlima Sekenke. Singida mafuta ya alizeti yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, yanang'aa juani. Tulitamani, tukaacha. Nani abebe dumu la mafuta kwenye ndege? Mbezi tulishuka usiku mkubwa, miguu imevimba.

Siku tatu tulishinda wodini. Shangazi akaanza kunywa uji, na fedha zetu karibu zote zikaishia kwenye dawa.

Jumatatu, uwanjani, binti wa kaunta alitafuta mara mbili. "Mama zangu, majina yenu hayamo. Ijumaa hamkuonekana, safari yote ikafutwa."

"Lakini tumelipia, mwanangu!"

"Mmelipia, mama. Poleni."

Kumbe tiketi ya kwenda na kurudi huuzwa kama safari moja. Asiyeonekana siku ya kwanza huhesabiwa ameiacha yote, na kiti chake cha kurudi huuzwa kwa mwingine. Wasafiri wa zamani watakumbuka kile kijitabu cha tiketi kilichochanwa ukurasa kwa ukurasa. Tiketi za karatasi ziliachwa mwaka 2008, lakini kanuni ya kufuata mpangilio imebaki. Sisi tuliona ni uonevu, na bado tunaona hivyo.

Dada, ukijua hutapanda ndege ya kwenda, piga simu kabla haijaruka. Huenda ukatozwa, lakini ya kurudi yaweza kuokolewa. Neno la mdomo halitoshi. Omba tiketi mpya. Ukiwa umeshachelewa, uliza kuhusu kodi za uwanja, maana mara nyingine hurudishwa hata nauli isiporudishwa. Na asiye na hakika ya tarehe heri anunue ya kwenda peke yake.

Nauli ya basi tulikopeshwa na binti wa shangazi. Singida tulishuka tukanunua mafuta, dumu moja la lita tano, tukagawana nyumbani.