Gerezani, Mahali Ambapo Gari Husema Kweli

Msafiri atokaye Morogoro kwa treni ya umeme huingia Dar es Salaam baada ya saa mbili hivi, na akitoka stesheni kuelekea upande wa Kariakoo hatembei sana kabla ya kuzisikia nyundo za Gerezani. Hapa ni mahali pa chuma. Wachomeleaji, mafundi wa mabati, wauza vipuri na mafundi wa magari wamekaa bega kwa bega, na njia iliyobaki katikati yao ni ya mkokoteni mmoja. Ukivuka kwenda upande wa Ilala, mtaa wa Shauri Moyo, utaona milango ya magari imeegemezwa ukutani kama mikeka, taa zimetundikwa, na injini nzima zimepangwa chini zikimngoja mwenye haja.

Karibu vyote hivyo vimetoka Japani. Nchi yetu ilirithi kwa Waingereza desturi ya kuendesha upande wa kushoto wa barabara, na Wajapani nao huendesha upande huo huo. Kwa hiyo gari lililokwisha kutumika Yokohama au Nagoya hufaa Kihonda bila kubadilishwa usukani. Bandari ya Dar es Salaam huyapokea kwa wingi, mengine yakabaki, mengine yakaendelea na safari hadi Zambia na Malawi. Ndiyo maana katika mji huu kununua gari ni rahisi. Lililo gumu ni kulijua.

Nilikwenda huko kumsindikiza mjomba wangu, mwalimu aliyestaafu baada ya miaka 34 ya kushika chaki. Kiinua mgongo chake alikuwa amekigawa mafungu mawili: moja la kumalizia nyumba, la pili la kununua Toyota Noah ya kuwapeleka watoto wa mtaani shule na kuwarudisha, ili nyumba isikose riziki. Ndugu msomaji ataona uzito wa jambo hili. Mtu wa umri wake hapati kiinua mgongo mara ya pili. Gari likifa mwezi wa tatu, halifi peke yake. Hufa pamoja na ada za wajukuu na dawa za mama wa nyumbani.

Tulianzia Kinondoni, ambako magari hupangwa uani yakimeta kama vyombo vya harusi. Fundi wetu, mtu mzima wa Gerezani aliyekubali kutufuata kwa shilingi 50,000, hakutazama rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti ya Noah moja nyeupe, akatabasamu, akasema, "Mzee wangu, gari hili limeamshwa kabla yetu." Boneti ilikuwa ya moto, nasi tulikuwa wateja wa kwanza asubuhi ile.

Akatueleza maana yake. Injini mbovu huficha maradhi yake ikishapata moto, bali ikiwashwa ingali baridi huyataja yote. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua ndani, yaani ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Moshi mweusi ni mafuta kupita kiasi. Moshi mweupe mzito, usiokoma hata injini ikishapata moto, huashiria maji kuingia mahali pasipo pake, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi ndiyo iliyokufa. Mwenye shaka afungue kifuniko cha oili: akikuta utandu wa rangi ya chai ya maziwa, oili na maji huenda vimechanganyika. Kisha atazame maji ya rejeta, injini ikiwa baridi kabisa, asije akaungua. Oili ikielea juu yake, ushahidi umetimia.

Mjomba aliomba gari lile lilale, tulijaribu kesho yake, au lipelekwe Gerezani likatazamwe chini. Muuzaji alikataa yote mawili, akasema wateja ni wengi. Mjomba alimshukuru kwa adabu, tukaondoka. Katika biashara ya gari, anayekataza kutazamwa amekwisha kujibu.

Adhuhuri tuliswali Kariakoo, na baada ya hapo tulimwendea mtu mmoja wa Mbagala aliyekuwa akiuza Noah yake mwenyewe. Gari lilikuwa na vumbi na mkwaruzo mlangoni. Hatukuwa tumekaa vizuri kabla yeye hajaanza kusema: kiyoyozi hakifanyi kazi, na shokapu moja ya nyuma inavuja. Injini ilikuwa baridi. Ikawashwa mbele yetu, moshi hakuna.

Alikubali kuja nasi Gerezani, na huko ndiko nilikojifunza kwa nini mahali hapa pana heshima. Gari lilipandishwa juu ya shimo, fundi akashuka chini yake na taa. Alitazama kutu ya chesisi, mpira wa kila bushi, na kama kuna mahali palipochomelewa upya. Alipanda akavuta mikanda ya viti mpaka mwisho, kwa kuwa gari lililozama katika mafuriko huoshwa viti na mazulia, lakini tope hubaki kwenye ncha ya mkanda na chini ya tairi la akiba. Alilinganisha nafasi kati ya milango na bodi, akitafuta rangi iliyorukia kwenye mipira, ambayo ni alama ya ajali iliyofunikwa.

Kilomita hakuziamini kwa kuzisoma tu. Dashibodi yaweza kurudishwa nyuma, akasema, lakini pedali iliyolika na usukani uliong'aa kwa mikono havirudi nyuma. Tairi nazo zina umri wake ubavuni: tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Akauliza habari ya taimingi. Noah za mwanzo zenye injini ya 3S hutumia mkanda, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Zilizofuata tangu 2001 zenye injini ya 1AZ hutumia cheni. Hii ilikuwa ya cheni.

Ufunguo ulipozungushwa bila kuwasha, alihakikisha taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, kisha ikazimika injini ilipoanza. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili isiseme. Mwisho tuliliendesha. Giaboksi iliingia bila kuchelewa wala kushtuka, na usukani ulipokatwa mpaka mwisho hapakusikika mlio wa kugonga magurudumuni.

Zikabaki karatasi. Namba ya chesisi ililinganishwa na kadi ya gari, jina la kadi na kitambulisho cha muuzaji, na namba ya gari ikatazamwa kama ina faini za barabarani zisizolipwa. Ndipo bei ikazungumzwa. Gharama ya shokapu na kiyoyozi ilikadiriwa na fundi, ikatolewa kwenye bei, na pande zote mbili zikaridhika.

Waliosoma fiqhi ya biashara wanaijua khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa ana haki ya kurudisha bidhaa. Wanajua pia kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Nilipomtazama fundi akipenyeza mkono chini ya zulia la gari kutafuta unyevu, niliona kwamba kazi yake haiko mbali na somo lile. Hata hivyo, haki ya kurudisha ni ngumu kuidai kwa mtu aliyekwisha kuhama namba ya simu. Kuchunguza kabla ya kulipa ni wepesi zaidi kuliko kudai baada yake.

Jioni, tukingoja treni, mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, lile la asubuhi lilikuwa zuri zaidi kwa macho." Nikamjibu kwamba watoto hawatalipanda kwa macho.

Kwa familia inayojiandaa kununua, nasaha ni chache: nenda asubuhi na ukute injini baridi; chukua fundi uliyemchagua wewe, si wa dalali; na usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla gari halijapanda shimoni. Muuzaji mkweli hatachukizwa na hayo, na Mwenyezi Mungu ndiye mtoaji wa baraka katika kuuza na kununua.