Badala ya Saa, Nitumie Bando

Mjukuu wangu, mume wangu,

Saa imefika salama, ahsante. Huku Tanga nyonga yangu inaendelea kuunga. Fremu ya kutembelea bado siiachi.

Saa yenyewe nzuri, mashoga zangu wameisifu mpaka wamechoka. Ila kazi uliyoituma, ya kuhesabu hatua, haiiwezi. Nikijikongoja na fremu kutoka chumbani hadi barazani, inasema sijaondoka. Nikikaa kitako nikikuna nazi, inanipa hatua za bure. Yule kijana wa fiziotherapia alicheka, akaniambia saa hizi husikiliza mtikisiko wa mkono, na mkono ulioshika fremu hautikisiki.

Halafu hizo hatua 10,000 unazonisomea kila siku! Hazikuanza kwa daktari. Mwaka 1965 huko Japani kampuni moja ilitoa kifaa cha kuhesabia hatua, ikakipa jina lenye idadi hiyo, na idadi ikashika. Kutembea sikukatai. Lakini aliyeanguka akavunjika nyonga anataka kwanza mapaja yenye nguvu na mwili usioyumba. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linatutaka wazee wa miaka 65 na zaidi tufanye mazoezi ya namna hiyo siku 3 au zaidi kwa wiki.

Kinachonifaa ni simu. Kijana ananipigia ya video, naiegemeza kwenye kopo la sukari juu ya stuli, nami nakaa ubavu ili aone mgongo, goti na nyayo kwa pamoja. Nainuka kitini mikono ikiwa kifuani, nakaa taratibu. Kukaa ndiko kwenye kazi. Wengi wetu hujitupa tu. Kisha nashika meza, naweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, nasimama hivyo. Mwisho nafunga kifundoni kijifuko cha mchanga nilichokishona kwa kanga kuukuu, nanyoosha goti. Juzi akanikamata: "Bibi, unauonea mguu mzima, uzito wote umeutupia huo." Saa ingeyajulia wapi hayo?

Anasema mazoezi haya yanatoka New Zealand, yanaitwa Otago. Miaka ya 1990 waliyajaribu kwa wanawake wa miaka 80 na kuendelea, marika yangu, majumbani kwao, nao wakapunguza kuanguka. Mtaalamu aliwafuata nyumbani, kisha akawa anawapigia simu wasije wakaacha. Basi dawa ilikuwa mtu wa kukufuatilia, na hapo ndipo pesa yako iende. Nitumie bando, maana picha huganda katikati ya zoezi nami nabaki nimeinama kama nimesahau kuinuka kwenye rukuu. Na siku zako za mapumziko nipigie wewe, unihesabie. Usiwe unakula.

Jingine, zungumza na mama yako. Kila nikiinuka ananidaka kwapa, ati nitaanguka tena. Woga wake naujua, lakini akininyanyua yeye, mapaja yangu hayapati kazi, na paja lisilofanya kazi ndilo litakaloniangusha. Asimame karibu, kiti kiwe kimeegemea ukuta, mikono yake aiache. Mimi nikimwambia hanisikii, ananiona mkaidi. Wewe atakusikiliza.

Wako,
Bibi

Ukija Idi niletee waya wa chaji. Huu wa hapa haushiki mpaka uukunje.