Ngazi za Lamu na Watu wa Nyumbani



Mji wa Lamu hauonekani wote kwa kusimama mbele yake. Abiria ashukaye katika mashua itokayo Mokowe huona ngome, misikiti na safu ya nyumba za ufukweni, akadhani ya kuwa amekwisha uona mji; kumbe Lamu yenyewe imo nyuma ya milango. Katika mitaa ya Mkomani njia ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani ila mmoja amngoje mwenziwe. Kuta ni ndefu, madirisha ni machache, na nyingi katika nyumba za mawe zilizosimama huko mpaka leo zilijengwa katika karne ya 18. Mwaka 2001 mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Milango yake iliyonakshiwa imesifiwa sana, na zidaka za ndani, zile tundu za ukutani za kuwekea vyombo, zimesifiwa vilevile. Mimi nataka kuzungumza juu ya ngazi, ambazo wageni huzipanda bila ya kuzitazama.

Nilikwenda huko kwa ajili ya Maulidi, nikafikia katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja juu. Mbele ya mlango pana daka, ambapo pana viti vya mawe huku na huku; hapo ndipo mwenye nyumba hukaa na jamaa zake baada ya sala ya Alasiri, na mtu mwenye haja ndogo humaliza haja yake hapo hapo akaenda zake. Ukivuka mlango waingia tekani, kijisebule chenye kiza kidogo, na njia ya kuendelea ndani imepindwa, hata mlango ukiwa wazi mpita njia haoni kitu ila ukuta. Mbele zaidi ndipo kilipo kiwanda. Wenzangu wa bara wasistaajabu: kwa watu wa Lamu kiwanda ni ule uwanja wa katikati ya nyumba, ulio wazi juu, uingizao jua na upepo.

Basi ngazi ya nyumba ile huanzia tekani, kabla ya kufika kiwandani. Nilipoona hivyo kwanza sikuelewa. Kwa nini ngazi ijifiche kizani, na kiwanda chenye mwanga kipo? Mwenyeji wangu akanieleza: aendaye juu haimpasi kupita mbele ya walio chini, na waliokaa chini hawana haja ya kujua ni nani aliyepanda. Zamani, baba alipomwoza binti yake, aghalabu alimjengea makao juu ya nyumba yake mwenyewe au karibu nayo, na mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo ngazi moja ilikuwa ni njia ya nyumba ya pili, na mkwe aliweza kuingia na kutoka bila ya kumkabili mama mkwe wake kila saa.

Zaidi ya hayo kuna wikio, nacho ni chumba kilichojengwa juu ya njia, kikaegemea nyumba mbili zilizokabiliana. Asubuhi mwenyeji wangu alipotaka kunionyesha ghorofa ya juu, alipiga hodi, akangoja kidogo, kisha akaniambia, “Karibu, Maalim.” Wanawake wa nyumba walikuwa wamekwisha pita kwenye wikio kwenda kwa shangazi yao ng’ambo ya pili, wala hapana aliyeshuka njiani.

Sote twajua ya kuwa katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Na katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo hata watoto wa nyumbani wamewekewa nyakati tatu za kuomba ruhusa. Twawafundisha watoto aya hizi chuoni, kisha twajenga nyumba ambazo mtu akipiga hodi mlangoni macho yake yamekwisha fika vyumbani.

Kuna pia habari ya Abu Ayyub al-Ansari. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alipohamia Madina mwaka 622 alifikia kwake, na nyumba yake ilikuwa na chini na juu. Mtume alichagua kukaa chini, kwa kuwa ndiko kulikokuwa kwepesi kwake na kwa watu waliokuja kumzuru. Abu Ayyub hakuweza kustahimili kutembea juu ya kichwa cha Mtume. Hakutulia mpaka Mtume alipokubali kuhamia juu. Hapa naona mambo mawili yakipimana, urahisi wa wageni na heshima ya mwenye kuheshimiwa, na yote mawili yamekuja kwa sababu nyumba ina ngazi.

Sasa nije kwenye aibu ya ngazi za zamani, maana sipendi kusifu mambo ya kale kama kwamba wazee hawakuchoka magoti. Ngazi ya nyumba niliyofikia ina vidato 15, na kila kidato kina kimo cha shibiri moja, yaani kama sentimita 23. Pa kukanyaga hapafiki futi moja. Imebanwa baina ya kuta mbili, na pa kushika hapana ila kamba iliyofungwa ukutani. Sababu yake ni ya kijenzi. Dari za Lamu huchukuliwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka pengo la zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba. Ukitoboa dari katikati kwa ajili ya ngazi, umekata boriti zilizobeba nyumba. Kwa hiyo fundi aliibana ngazi pembeni baina ya kuta, akaisimamisha wima ili isile nafasi.

Jikoni nako kuko juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi uende na upepo. Ni mpango mzuri kwa kina mama vijana.

Mama wa mwenyeji wangu amepita miaka 80. Alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa humo, na watoto wake wote aliwazalia ghorofa ya juu. Kwa miaka mitatu sasa hapandi. Wanawe wamemtengenezea chumba cha chini, kilichokuwa ghala, wakakipaka chokaa na kukifungulia dirisha upande wa kiwanda, na chakula chake huteremshwa kwa kikapu na kamba kabla hata ya wengine kula. Hapana mtu awezaye kusema ya kuwa hawamtunzi. Nilipokwenda kumwamkia aliniambia, “Nawasikia wakicheka huko juu, wala sijui wachekalo.” Hakusema kwa kulalamika. Lakini wajukuu wakishuka hukaa naye kitambo, kisha hukimbia juu, kwani mama zao wako huko, na mazungumzo yako huko.

Kule Tanga, mtoto wa ndugu yangu anajenga nyumba ya ghorofa, atakaa na mkewe, watoto wanne, na mama yake ambaye ana maradhi ya miguu. Kabla sijasafiri alinionyesha ramani. Ngazi ilikuwa ya chuma, imezunguka kama konokono, nayo imesimamishwa katikati ya ukumbi wa wageni. “Ami,” akaniambia, “ngazi ndiyo sura ya nyumba.” Ilikuwa nzuri, siwezi kukana. Walakini nilipotoka Lamu nilikuwa na maswali ambayo kabla yake nisingeyajua kuyauliza. Wageni wakiwa ukumbini, mkewe atashukaje kwenda uani? Mama yake atalala wapi? Na swali la tatu wengi hawapendi kuliuliza: jeneza litapita wapi?

Hili la jeneza si la mzaha. Nilipata kuhudhuria maziko katika nyumba mpya ya ghorofa yenye ngazi ya mzunguko. Jeneza halikuweza kugeuka. Ilibidi marehemu afungwe katika shuka na kuteremshwa mikononi mwa vijana wanne, mmoja akishuka kinyumenyume akitafuta kidato kwa unyayo, na wafiwa wakitazama. Ngazi iliyonyooka, hata ikiwa na kona moja, isingewatia katika dhiki ile.

Vipimo vya ngazi njema vinajulikana. François Blondel, msanifu wa Kifaransa wa karne ya 17, alifundisha ya kuwa kimo cha kidato mara mbili, ukiongeza upana wa pa kukanyaga, kiwe sawa na hatua moja ya mtu, nayo ni kama sentimita 60 hadi 65. Kidato cha kimo cha sentimita 17 na upana wa 28 kinatoa 62, nacho humfaa mzee na mtoto. Ile ya Lamu inapita 70. Vidato vyote viwe sawasawa, kwani mguu hukariri kidato cha kwanza na cha pili, kisha hauangalii tena. Kidato kimoja kilichozidi ndicho kiangushacho. Hapa mafundi wetu hukosea sana: hujenga ngazi vizuri, kisha vigae vikawekwa sakafu ya juu, na kidato cha mwisho kikazidi vidole viwili. Nguzo za pembeni zisipishane zaidi ya sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite. Vigae ving’aavyo viachwe kabisa kwenye ngazi, maana miguu itokayo kutawadha ni mibichi.

Nilimwandikia kijana haya yote, na mkewe akayasoma kabla yake. Ramani ya pili ilikuja baada ya mwezi. Ngazi imehamishwa pembeni mwa mlango wa uani, nyuma ya ukuta wa ukumbi. Ina vidato 18 vya sentimita 17, na kituo kipana katikati pa kupumzikia. Njia yake ni sentimita 110, na mkono wa kushikia uko pande zote mbili. Chumba cha mama kiko chini, pamoja na choo chake. Ukumbi umepungua kidogo, na kijana hakufurahi.

Jikoni kulikuwa bado kumechorwa juu. Nilimwuliza mama mwenyewe anaonaje. Akasema atakaa popote atakapowekwa, illa angependa awe anachambua mchele pamoja na wenziwe. Ramani ya tatu iko kwa fundi.